Aliyetaka Kujua kwa Nini: Maisha ya Ephraimu Kisioki Yiamat, Muuguzi wa Macho (1956–2004)

Mchungaji, Padri, wazee wetu wa boma, wafanyakazi wenzake na marehemu, majirani wa Sombetini na ndugu wote mliopanda mpaka hapa Oldonyosambu: Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Marehemu alizoea kutoa salamu zote mbili, maana nyumbani kwake kila moja ilikuwa na mwenyewe. Mimi ni Tabea, mdogo wake anayemfuata. Familia imeniomba niandike na kusoma habari za maisha yake. Yeye mwenyewe, alipojua kwamba siku zake zimebaki chache, aliniita akasema, "Tabea, usije ukaniandikia kwamba nilikuwa mtu wa wito. Andika yaliyotokea." Nimejitahidi kumtii.

Ephraimu Kisioki Yiamat alizaliwa tarehe 12 Aprili 1956 hapa hapa Oldonyosambu, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Yiamat na mama Soila, ambaye tunaye hapa leo. Alibatizwa mwaka 1962 akapewa jina la Ephraimu, lakini hapa nyumbani hakuna aliyeacha kumwita Kisioki. Utoto wake ulikuwa kama wa watoto wengine wa boma: ndama asubuhi, mbuzi mchana, vumbi muda wote. Maji yalichotwa mbali, na yaliyofika yalikuwa ya kunywa na kupikia. Kunawa uso kulisubiri mvua. Nzi walikaa machoni mwetu na hakuna aliyewafukuza. Wazee walisema mtoto mwenye nzi ni mtoto mwenye maziwa.

Bibi yetu mzaa baba, Koko Anyesi, alikuwa na vikope. Kwa asiyeujua ugonjwa huo, kope la jicho hupata makovu kwa ndani, likajikunja, na nywele zake zikawa zinakwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Koko alisema ni kama kulala na mchanga machoni na kuamka nao. Dawa iliyojulikana bomani ilikuwa kuzing'oa nywele hizo kwa kibano. Kazi hiyo alipewa Kisioki akiwa na miaka kama tisa, kwa sababu aliona vizuri na alikuwa na subira ambayo sisi wengine hatukuwa nayo. Baada ya kukamua, Koko aliketi akielekea jua, akalaza kichwa mapajani mwa mjukuu wake, naye Kisioki akang'oa moja moja. Mimi nilikaa kando nikipunga tawi. Koko alipata nafuu kwa muda, kisha nywele zikaota tena, fupi na ngumu kuliko zile za kwanza.

"Koko, kwa nini zinaota kuelekea ndani?" Kisioki aliuliza.

"Ndiyo macho ya uzee, mwanangu."

"Mbona macho ya babu hayako hivyo? Na babu ni mzee kukuzidi."

"Ng'oa. Acha maswali."

Mwaka 1967 gari la matibabu ya macho lilifika shuleni kwetu. Madawati yalitolewa nje na darasa moja likageuzwa kuwa chumba cha upasuaji. Aliyekuwa akitibu alikuwa tabibu wa Kimeru, Bwana Sumari, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Kisioki ndiye aliyemshika Koko mkono akampeleka. Bwana Sumari aligeuza kope la Koko kwa kijiti, akaangalia kwa makini, akauliza, "Nani anakung'olea hizi?"

Kisioki alijisogeza nyuma ya mlango, akidhani atagombezwa. Koko akamwonyesha kwa kidole.

"Njoo hapa," Bwana Sumari alisema. "Unang'oa vizuri, hujamjeruhi. Lakini umeshajiuliza kwa nini zinarudi?"

"Nimeuliza. Nimeambiwa niache maswali."

Bwana Sumari alicheka. "Basi simama hapa uangalie. Nywele hazina kosa lolote. Kope lenyewe ndilo limepinda. Nikilikata hapa kidogo, nikalishona litazame nje, nywele nazo zitatazama nje."

Wanafunzi waliokuwa wakichungulia dirishani walikimbia walipoiona sindano. Kisioki alisimama tangu mwanzo mpaka mwisho. Jicho moja la Koko lilikuwa limeshaharibika, halikurudi. La pili lilipona, na Koko alikwenda nalo kanisani bila kushikwa mkono mpaka alipofariki mwaka 1974.

Watu wengi wamesimulia kwamba kaka yetu aliingia kwenye uuguzi kwa kumhurumia bibi yake. Hata mimi nimewahi kusema hivyo mbele ya watu, na alinisahihisha palepale. "Huruma nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza nilipokishika kile kibano," alisema, "na haikumsaidia Koko kitu. Nilichokitamani kwa yule tabibu ni kwamba yeye alijua kwa nini, na mimi sikujua."

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Oldonyosambu kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha akachaguliwa kwenda Shule ya Sekondari Ilboru, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1974. Alifaulu vizuri. Baba alitarajia atakuwa mwalimu au karani, na kwamba mwisho wa juma atakuwa akirudi kusimamia mifugo kama inavyompasa mtoto wa kwanza. Badala yake Kisioki alirudi na barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi, Moshi.

"Nimekusomesha ili ukaoshe wagonjwa?" Baba alimwuliza. "Hiyo ni kazi ya wanawake."

"Baba, ng'ombe akiumwa jicho hapa bomani, anayemtibu ni nani?"

"Mimi."

"Basi nayo ni kazi ya wanawake?"

Baba alinyanyuka akaenda zizini. Siku ya safari hakutoka kumuaga mwanawe. Ni mama aliyempa maziwa kwenye kibuyu na shuka la kujifunika. Miaka yote ya chuo Baba hakumwulizia. Lakini siku ya mahafali, mwaka 1978, mwalimu mmoja alimwambia Kisioki kwamba alimwona mzee mwenye rubega amesimama peke yake nyuma kabisa ya ukumbi, na kwamba aliondoka kabla ya chakula. Kisioki alikimbia mpaka kituo cha mabasi, akakuta basi la Arusha limeshaondoka. Baba hakuizungumzia safari hiyo hata mara moja, na Kisioki hakumwuliza. Ni swali pekee ninalolijua ambalo kaka yangu aliliacha.

Mwaka 1979 aliajiriwa kama muuguzi katika hospitali ya mkoa, Arusha mjini. Huko ndiko alikokutana na wifi yetu Agnela, binti wa Kibosho aliyekuwa akimuuguza mama yake wodini. Wifi ameniruhusu niseme kwamba maneno yake ya kwanza kwa mume wake yalikuwa haya: "Kaka, shuka hilo umelitandika vibaya, litamchubua mama mgongo." Kaka alilitandua akalitandika upya. Kesho yake alirudi kuuliza kama mama amelala vizuri, na kesho kutwa, hata siku ambazo hakuwa zamu.

Nyumba zote mbili zilikuwa na wasiwasi. Kwetu walisema Wachaga watamfanya awe mfanyabiashara. Kwao, mzee wao alisema maneno ambayo familia zote mbili huyarudia mpaka leo: "Mlutheri, sawa. Mmasai, sawa. Lakini nesi?" Walifunga ndoa mseto katika kanisa Katoliki Arusha mjini tarehe 11 Juni 1983, mwaka ambao sukari na sabuni vilikuwa havionekani madukani. Chai ya harusi ilinywewa kwa asali iliyotoka kwetu, na wageni wa Kibosho walikuja na ndizi zao. Kila Jumapili Agnela alikwenda kwake na Kisioki kwake, wakakutana mezani mchana na kuulizana mahubiri yalisemaje. Mungu aliwajalia watoto watatu: Pudensiana, Godbless na Blessing.

Biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaruhusiwa, Agnela alianza kuuza nguo za watoto, na kwa juhudi zao wawili wakajenga Sombetini, chumba baada ya chumba. Kisioki alikwenda kusomea uuguzi wa macho mwaka 1987, na aliporudi mwaka uliofuata alikuwa amefundishwa kufanya upasuaji uleule alioutazama akiwa mtoto. Ndipo alipopata jibu la swali alilomwuliza Koko. Wanawake ndio wanaoshinda na watoto wadogo, na ugonjwa wa vikope hupitia kwa watoto, kwenye vidole na nzi na kanga moja inayofuta nyuso zote. Ndiyo maana babu aliepukana nao. Alinieleza haya kwa furaha kama mtu aliyeokota ng'ombe aliyepotea.

Miaka ya tisini ilikuwa migumu kwa watumishi wa afya. Wagonjwa walianza kuchangia matibabu, vifaa vilipungua, na wenzake wengi waliondoka. Wengine walikwenda Botswana, wengine wakafungua maduka ya dawa. Hospitali na kliniki za watu binafsi ziliporuhusiwa, daktari mmoja alifungua kliniki ya macho Levolosi akamwomba Kisioki ajiunge naye. Alikubali mwaka 1994. Sioni sababu ya kulificha jambo hilo, naye hakulificha. Ilikuwa kliniki nzuri, safi, na daktari yule alimheshimu. Kisioki alipima macho ya walimu, wafanyabiashara na madereva wa watalii, akafika nyumbani mapema, na watoto wake wakamzoea. Alisema miaka ile ndiyo pekee aliyowahi kulala usingizi wa kutosha.

Baba alifariki mwaka 1993. Baada ya hapo Kisioki alikuwa akija Oldonyosambu kwenye sikukuu na misiba, saa chache, nyumba ikiwa imejaa watu, kisha anarudi mjini. Mwezi Agosti 1996 alikuja bila taarifa, kwa ajili ya mahindi. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Monduli, kwa hiyo haya naeleza kama alivyoyaeleza yeye na mama. Alipozunguka nyuma ya nyumba alimkuta mama ameketi akielekea jua, kichwa kimelala mapajani mwa mjukuu wa jirani, na yule mtoto ameshika kibano.

"Yeyo," alimwita mama. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule tulipomzika baba yako."

"Mbona hukuniambia? Mimi kazi yangu si macho?"

Mama alinyanyuka, akajifunga shuka vizuri. "Nilidhani siku hizi ni macho ya watu wa mjini," alisema. "Na wewe ukija una haraka. Sikutaka kukuchelewesha."

Mama hakusema hivyo kwa kumlaumu. Alikuwa akieleza tu alivyofikiri. Lakini Kisioki alikwenda kukaa na mbuzi mpaka jua lilipokuwa linashuka, na alipoitwa kula hakuja. Baadaye aliniambia alikuwa akihesabu wanawake wa boma zetu aliowaona kanisani wamejifunika uso kwa shuka, ambao yeye alidhani wanajikinga na vumbi.

Juma lile lile alirudi na vifaa. Mchungaji alifungua chumba cha ofisi ya kanisa. Alikuja na muuguzi mwenzake, Ruth, aliyekuwa akifanya kazi na mradi wa macho wa kanisa, na Ruth alimshauri asimpasue mama yake mwenyewe.

"Niachie mimi," Ruth alimwambia. "Wewe kaa nje na ndugu zako."

Mama alisikia. "Huyu dada anajua kushona kama wewe?" alimwuliza Kisioki.

"Anajua kunizidi."

"Basi yeye ashone moja na wewe moja. Nitaona la nani limekaa vizuri."

Ndivyo ilivyofanyika. Jicho la kulia, alilolishona Ruth, lilikuwa limeshaingia ukungu na halikuweza kusaidiwa zaidi ya kuondolewa maumivu. La kushoto, alilolishona Kisioki, lilibaki zima. Alipomaliza kufunga bandeji alitoka nje, akaenda nyuma ya kanisa, akatapika. Kisha akanawa, akarudi ndani, akauliza kama kuna wengine. Walikuwepo. Habari zilikuwa zimeenea, na wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani tangu asubuhi. Siku ile Ruth na yeye walifanya kazi mpaka mwanga ukawatosha kwa shida.

Aliporudi Sombetini alimwambia mke wake kwamba anataka kuacha kliniki na kujiunga na mradi wa Ruth, ambao ungemtaka awe vijijini karibu wiki nzima. Pudensiana alikuwa darasa la sita, Godbless darasa la tano, Blessing bado mdogo.

"Unaacha kazi kwa sababu ya mama," Agnela alimwuliza, "au kwa sababu ya aibu?"

"Vyote viwili."

"Angalau hujanidanganya."

Baada ya hapo, wifi anasema, chakula kiliwekwa mezani na shukrani ikasemwa, basi. Hakupinga, na hakukubali. Alikuwa na hofu, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Kisha siku moja ya mnada wa mifugo alifunga robota la nguo za watoto na kuliweka kwenye gari la mradi. "Kama mnakwenda mnadani," alimwambia dereva, "nami nina biashara mnadani." Alitandika nguo zake karibu na mahali mume wake alipokuwa akitibu. Akina mama walikuja kujaribishia watoto magauni, na Agnela akaona nyuso za watoto zilivyo.

"Hapana, mama," alisema. "Nguo yangu haipiti kwenye uso huo. Kwanza tuuoshe."

Alichukua kopo, akalitoboa chini, akalitundika, maji yakachirizika kidogo kidogo, na kila mtoto akanawa kabla ya kujaribu nguo. Kisioki alikuwa amehubiri habari za kunawa uso kwenye mikutano mingi, na watu walimsikiliza kwa adabu wakaenda zao. Alikiri mbele yetu kwamba makopo yale yaliyotobolewa yalianza kuonekana kwenye maboma baada ya magauni ya Agnela, si baada ya hotuba zake. Tangu siku ile wifi alikwenda naye kila mnada, na maneno yakarudi mezani.

Alifanya kazi hiyo tangu mwanzoni mwa 1997 mpaka ugonjwa ulipomzuia: Oldonyosambu, Mwandet, Kisongo, na kule chini mpaka Nduruma. Kwenye mvua kubwa za mwaka ule gari lilipokwama alitembea. Hakuwa mtu mpole sana kazini, na wanaomfahamu watacheka nikisema hivyo. Aliwakaripia akina baba waliowaleta wake zao wakiwa wamechelewa. Aliwakaripia pia wauguzi vijana waliojibu wagonjwa kwa mkato. Mgonjwa akiuliza kwa nini, alisimamisha kazi akamjibu, hata foleni ikiwa ndefu, na hilo lilimchosha Ruth sana.

Mwaka 2000 shule moja ya sekondari mjini ilimwalika azungumze na wanafunzi juu ya kazi za afya. Mwalimu alimpa swali la kujibu: ni nini kinachomvuta mtu achague kazi hii? Nadhani walitarajia habari za upendo na sadaka. Kisioki alisimama akasema, "Msije kwa sababu mnapenda watu. Watu wanachosha, na mgonjwa anachosha zaidi. Mkija kwa mapenzi tu, mwaka wa pili mtakuwa mnawapigia kelele. Njooni kama kuna jambo linalowasumbua hamjui kwa nini liko hivyo. Hilo halichoshi."

Mwalimu mkuu alikohoa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, Elinaza, akanyoosha mkono. "Shikamoo. Na mtu akiwa anaogopa damu?"

"Marahaba. Mimi nilimshona mama yangu jicho, nikatoka nje nikatapika."

"Halafu?"

"Halafu nikanawa nikarudi. Kuogopa hakumaanishi huwezi. Unaogopa damu yote au ya mtu fulani?"

Elinaza alifikiri. "Ya mdogo wangu. Anatoka damu puani mara kwa mara, na hakuna anayejua sababu."

"Unaona," Kisioki alimwambia. "Wewe umeshaanza."

Elinaza yuko hapa leo. Ni mwanafunzi wa uuguzi, na likizo zake mbili zilizopita amezimalizia kwenye gari la mradi.

Mwezi Juni 2003 ugali ulianza kumkwama marehemu kooni. Alikunywa maji, akaendelea. Alijipa dawa za kiungulia. Yeye aliyewakaripia watu kwa kuchelewa alichelewa mwenyewe mpaka Novemba, wifi alipomwambia kwamba ama anapanda gari la Moshi au atabebwa. Huko aligundulika kuwa na saratani ya njia ya chakula. Daktari alianza kumweleza kwa kuzunguka, Kisioki akamkatiza: "Daktari, sema imefika wapi." Aliambiwa. Alikwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, akarudi Februari 2004 akiwa amekonda lakini akimeza uji. Aliendelea kwenda na mradi akifanya kazi ameketi, huku Ruth akishona na yeye akipima, mpaka mwezi wa Juni. Siku ya mwisho aliyofanya kazi ilikuwa Nduruma. Hakumwambia mtu kwamba ni ya mwisho. Alisafisha vifaa vyake, akavipanga, akamkabidhi Ruth.

Mwezi Agosti mama alishuka Sombetini akakaa naye. Hakujua la kufanya katika nyumba ya mjini, kwa hiyo alikaa kando ya kitanda akimwangalia tangu asubuhi. Kisioki, ambaye sauti ilikuwa imebaki kidogo, siku moja alimwambia, "Yeyo, pumzika. Unaniangalia mno."

"Ulinishonea jicho niangalie nini?" mama akamjibu.

Hakumwambia tena apumzike.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 5 Oktoba 2004, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Sombetini, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Mke wake, mama yake na Ruth walikuwa kando yake. Mchungaji na Padri walikuwa wamekuja siku iliyotangulia, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake, wakakutana mlangoni wakaingia pamoja. Kaka alifurahi. Alisema kwa taabu kwamba safari hii hakuna atakayemwuliza mahubiri ya upande wa pili yalisemaje. Tunawashukuru wote wawili, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Arusha, Moshi na Dar es Salaam, na jumuiya za Sombetini ambazo hazikuacha kuleta uji hata alipokuwa hawezi tena kuunywa.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, mama Soila, mjane, Agnela, watoto watatu, na sisi wadogo zake wanne, pamoja na wapwa na watoto wa ndugu wengi. Pudensiana anafanya biashara na mama yake. Godbless yuko chuoni akisomea kuongoza watalii. Blessing yuko kidato cha kwanza, na juu yake familia ina ombi. Tangu Jumanne watu wengi, kwa nia njema, wamekuwa wakimshika mkono na kumwambia kwamba sasa ni zamu yake kuvaa viatu vya baba, lazima awe nesi. Baba yake hakuwahi kumwambia hivyo. Alisema mtoto anayekwenda hospitali kwa ajili ya baba atachoka siku atakapomchoka baba. Tunaomba mumpe pole tu. Likimsumbua jambo, atauliza mwenyewe.

Tangazo la mwisho ni agizo lake. Kliniki ya macho iliyopangwa Mwandet Jumatano ijayo haikuahirishwa. Ruth atakuwepo tangu asubuhi. Kwa kuwa leo mmekusanyika wengi, na nimewaona akina mama mnaofuta macho kwa pembe ya shuka kabla hata machozi hayajaanza, nawaomba mwende. Msiseme mmefiwa. Msiseme mna haraka.

Kaka Kisioki, tumekurudisha nyumbani. Mungu aliyekuumba na maswali yako akupokee nayo, akupe majibu yote, akupumzishe katika amani yake. Amina.